Tundu la Msumari

Gari lilifika Chavakali kabla sijafungua kofuli la kontena,
likipiga ulimi: tk, tk, tk,
kama shangazi aliyeona jambo na anangoja aulizwe.

Kisia akashuka, injini akaiacha ikinguruma.
"Sikiza, Luvai. Ni baridi tu inalisumbua.
Tukifika Jeptulu huwa limeshanyamaza."

Chuma kikipata moto huvimba, hujiziba chenyewe.
Huko si kupona. Hata watu wapo wa namna hiyo.

Nikamwambia azime, tungoje lipoe.
Kiganja changu cha kushoto kina kovu la siku nisiyongoja.

Kisha nikainama na tochi ya simu.
Tundu la kwanza safi. La pili safi.
La tatu limezungukwa na masizi,
wanja wa mtu aliyelia usiku akalala bila kunawa.

Nati nane. Nikazinyeshea mafuta mepesi, nikazipa muda.
Sita zilikubali kwa maneno mazuri.
Ya saba ilidai moto.
Ya nane ilikatika pamoja na studi yake
na mimi nikatamka neno
ambalo Wakweka wa Kaimosi hawajapata kulisikia.

Muda wote huo Kisia, juu ya tairi kuukuu, anasimulia:
maziwa ya Kapsabet, bei ya lita, askari wa kizuizini,
halafu Mmbone, kitindamimba wake, miaka sita,
anayempeleka kwa nyanya yake kila Ijumaa.

"Yule mtoto hawezi safari.
Mvua ikinyesha tukifunga vioo, mlima hauishi kabla hajalala.
Akiamka, kichwa, matapishi.
Mama yake anasema ni zile kona."

Sikumjibu. Nilikuwa nimeibandua gasketi.

Nayo haikuwa gasketi.
Ilikuwa bati la kopo la mafuta ya kupikia,
limekatwa kwa mkasi, likaungua ukingoni hadi likatoboka,
na upande usioungua, herufi mbili za kijani: GR,
mwanzo wa gramu.
Pembeni tundu dogo, la kutundikia msumarini.
Fundi atoboaye hivyo hapa Chavakali
ni mmoja.

Desemba ya mwaka juzi. Maduka ya Kisumu yamefungwa.
Yeye ana haraka ya matanga, mimi nina haraka ya mia tano.
"Itakusukuma wiki mbili," nilimwambia.
Nadhani nilimwambia.

Nikamtuma Agesa Kisumu kwa pikipiki, alete ya kiwandani,
ile ya tabaka tatu, asikubali nyingine.
Nikaikeketa studi iliyovunjika, taratibu, shingo ikaniuma.
Nikasugua uso wa chuma kwa msasa,
nikaweka rula juu yake, tochi nyuma,
nikatafuta mwanga unaopenya.
Haukupenya. Nikatafuta tena.

Nati hukazwa kuanzia katikati kwenda nje,
robo, robo, mizunguko mitatu,
hakuna inayotangulia wenzake.
Agesa alinitazama. Sijawahi kufanya mizunguko mitatu.

Saa kumi tukaliwasha. Likanguruma, basi.
Nikapaka povu la sabuni kwenye kiungo kabla hakijapata joto:
hakuna puto hata moja.
Nikalizima lipoe, nikakaza tena.

"Ngapi?"
"Nipe pesa ya gasketi tu."
Akacheka, akadhani nimeokoka.

Nikamwambia nusu:
"Moshi ulikuwa unaingia ndani. Ndio uliokuwa ukimlaza mtoto.
Mpeleke Mbale wampime. Kesho, usingoje Ijumaa."
Kicheko kikamkauka mdomoni.
Alitazama kiti cha abiria kwa muda mrefu,
kisha akateremsha vioo vyote viwili, akaondoka polepole.

Nusu ya pili ilikuwa mfukoni, inanichoma paja.
Nikaitundika kontenani; tundu likaingia msumarini pake.

Agesa akauliza ni kipimo cha gari gani.